Mkubwa Halali Tangu Mdogo Wake Azaliwe: Mwongozo wa Kuurudisha Usingizi

Huwa sisubiri kuambiwa kwamba nyumba fulani imepata mtoto. Ninalea watoto wadogo kwenye dei kea hapa Moshi, na wiki ya pili ya uzazi ikifika naona mwenyewe: mtoto aliyekuwa akiingia getini mbio sasa analetwa mgongoni, macho mekundu, na saa nne asubuhi anasinzia kijiko cha uji kikiwa mdomoni. Bibi aliyemleta ndiye anayenipa habari kamili. "Mwalimu, mjukuu wangu huyu halali. Saa sita usiku yuko macho, anataka mgongo, anataka ziwa, anataka maji, anataka kukojoa. Kichanga akinyamaza, huyu ndiyo anaanza."

Wengi wanaita wivu na wanaishia hapo. Wivu upo, sikatai, lakini wivu hautakuambia ufanye nini saa nane usiku. Swali lenye faida ni hili: kabla mdogo hajazaliwa, huyu alikuwa analazwa na nani, wapi, kwa namna gani? Kwa watoto wengi wa huku jibu ni lilelile. Alilazwa na mama, kwenye kitanda cha mama, akiwa ziwani au mgongoni. Mama anaenda kujifungua, anarudi na mtu mwingine ziwani, na usiku huohuo mkubwa anaambiwa akalale na dada sebuleni. Vyote vitatu vimeondoka kwa mkupuo.

Binadamu yeyote huzinduka kidogo mara kadhaa usiku, ila asubuhi hakumbuki. Mtoto akizinduka akakuta mambo yako kama alivyoyaacha, anageukia upande wa pili na kuendelea kulala. Akikuta mtu aliyemlaza hayupo, anaamka moja kwa moja na kumtafuta. Basi kazi iliyo mbele yenu ni kumpatia mkubwa mtu wa kumlaza, mahali pake, na mpangilio wa jioni usiobadilika, kisha kuvumilia mpaka avizoee. Ninayoyaandika hapa yanamhusu mtoto wa mwaka mmoja na nusu hadi minne.

Kabla ya yote, hakikisha si ugonjwa

Mkishasema "ni wivu", ugonjwa unapita hapohapo bila kuonekana. Mtoto anayekoroma kila usiku, mdomo wazi, kichwa kakirudisha nyuma, huenda ana nyama za puani zinazombana hewa. Huyo hata umbembeleze vipi ataamka tu. Anayejikuna matakoni usiku mwangalie minyoo: ile midogo, myembamba, myeupe, hutoka kutaga mayai kwenye njia ya haja kubwa wakati mtoto amelala, na ndiyo inayomwasha. Dawa ya minyoo hutolewa pamoja na matone ya vitamini A kwenye kampeni za Juni na Desemba, kuanzia umri wa mwaka mmoja, na ni rahisi raundi moja kupita mama akiwa mjamzito mzito au ndani ya uzazi. Angalia kadi yake ya kliniki. Anayelia kila akilazwa na kushika sikio, apimwe sikio.

Homa haisubiri mwongozo wowote. Mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa siku hiyohiyo, malaria ikiwemo, hasa kama mnaishi ukanda wa chini, Mabogini au Kahe, penye maji ya mashamba. Huko mbu ni wengi kuliko juu mlimani, Kibosho au Marangu.

Hatua ya kwanza: piga hesabu ya usingizi wake

Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2019, linasema mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji masaa 11 hadi 14 ya usingizi kwa siku nzima, na wa miaka 3 hadi 4 masaa 10 hadi 13. Usingizi wa mchana unahesabiwa humohumo.

Sasa chukua mtoto wa miaka miwili anayelala saa nne usiku kwa sababu wageni wa mzazi walikuwepo, na anaamshwa saa kumi na mbili na nusu ili awahi dei kea. Hapo ana masaa nane na nusu. Mchana kwangu analala saa moja na nusu. Jumla kumi. Hata kama usiku mzima hakuamka, bado ana deni, na usiku wa kesho anaingia nalo. Mtoto aliyechoka kupita kiasi hatulii kama mtu mzima aliyechoka. Anakuwa mkali, anarukaruka, anacheka ovyo, halafu analia kwa jambo dogo, nanyi mnasema, "Huyu hana usingizi kabisa, ona anavyocheza!"

Kwa hiyo lenga awe amelala saa mbili usiku, ikizidi sana mbili na nusu. Huku kwetu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja hivi mwaka mzima, kwa hiyo giza linakusaidia. Wenzetu wa Ulaya wakati wa kiangazi chao wanalaza watoto jua likiwa bado linawaka. Sisi hilo halituhusu.

Hatua ya pili: chagueni mlalishaji mmoja

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Mkifanya hatua hii tu na nyingine zote mkaziacha nusunusu, bado mtaona tofauti.

Kichanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, na saa moja hadi saa tatu usiku ndiyo wakati wao wa kulia na kung'ang'ania ziwa. Mama hawezi kuahidi kwamba kila siku saa mbili atakuwa huru. Akimlaza mkubwa leo, kesho akashindwa, keshokutwa akamlaza nusu akakatizwa na kilio cha mdogo, mkubwa anajifunza jambo moja: usipomshikilia mama anaondoka. Na atamshikilia kweli, mpaka saa tano.

Mlalishaji awe mtu wa kila siku. Baba ndiye chaguo langu la kwanza, na najua baadhi ya kina baba wameshaanza kutafuta sababu. Sheria inampa baba aliyeajiriwa likizo ya siku 3 tu, tena azichukue ndani ya siku 7 za kuzaliwa mtoto, wakati mama anapata 84. Siku tatu hazitoshi kumzoesha mtoto chochote. Lakini kumlaza mtoto hakuhitaji likizo, kunahitaji kuwa nyumbani saa moja na nusu usiku. Kama biashara ya baba inafungwa saa tatu, au anafanya kazi Arusha na kurudi Moshi na gari la mwisho, basi tuseme ukweli mapema na kazi hii apewe bibi, shangazi au dada wa kazi. Msimpe mtu anayeondoka mwezi ujao. Bibi aliyeshuka kutoka Machame kuja kumkanda na kumpikia mzazi mtori kwa wiki sita, akirudi kwake mtoto anapoteza mlalishaji wa pili ndani ya miezi miwili. Kama bibi ndiye anayelaza, wiki mbili za mwisho kabla hajarudi amlaze pamoja na yule atakayebaki.

Mnaosoma hili mimba ikiwa bado ina miezi sita au saba, anzeni sasa. Mtoto akizoea kulazwa na baba kabla mdogo hajaja, hatamlaumu mdogo kwa mabadiliko hayo. Kama kichanga yuko tayari ndani, anzeni leo usiku, msisubiri azoee nyumba.

Usiku wa kwanza utakuwaje? Nikuelezee wa baba mmoja fundi seremala, jirani yangu, mwenye binti wa miaka miwili na ushee. Mtoto alisimama mlangoni, mkono kwenye kitasa, analia "mamaaa" mpaka sauti ikakauka. Baba alikaa chini kwenye godoro, mgongo ukutani, hakumvuta wala hakumfokea. Kila baada ya muda alirudia maneno yaleyale: "Mama yupo. Anamnyonyesha mdogo wako. Baba yuko na wewe." Kutoka chumba cha pili bibi, mama mzazi wa huyo baba, akaita, "Baba, si umlete tu huku? Atalia mpaka aumwe." Akajibu, "Mama, niachie kidogo, yuko na mimi." Ni jibu zuri sana hilo. Halimvunjii bibi heshima mbele ya mkwewe, na linamjulisha mtoto kwamba mpango haujabadilika. Baadaye mtoto alichoka kusimama, akaja kukaa kwenye mguu wa baba, kisha akalala hapohapo kalia kavimba uso. Usiku wa pili hali ilikuwa hivyohivyo. Siku zilizofuata kilio kilipungua, na kabla mwezi haujaisha alikuwa anamfuata baba na kanga mkononi.

Tofautisheni hapo: huyo mtoto hakuachwa alie peke yake gizani. Alilia akiwa na mtu. Kumfungia mtoto chumbani alie mpaka alale, wakati amempoteza mama kwa nusu ya siku, mimi sikushauri.

Mama naye ana sehemu yake, na iwe kabla, isiwe mwishoni. Saa moja usiku hivi, mdogo akiwa na bibi au kwa baba, mama akae na mkubwa dakika kumi au kumi na tano: amkumbatie, wasimuliane siku, amwambie "usiku mwema, mwanangu, kesho asubuhi tunaonana". Halafu mlalishaji anaingia. Mama akirudi mara tatu kuchungulia kama amelala, kazi yote inaanza upya.

Hatua ya tatu: mahali pa kulala

Nyumba nyingi za kupanga za Majengo na Pasua hapa Moshi, au Ngarenaro na Unga Limited kule Arusha, ni chumba na sebule, au chumba kimoja. Kwa hiyo sitakuambia umpe mtoto chumba chake. Chumba kimoja kinatosha kabisa mpangilio ukiwa wa maana.

Kama mnataka kumhamisha kitanda, mhamisheni miezi miwili mitatu kabla ya kujifungua, au subirini mpaka mdogo afikishe miezi miwili mitatu. Wiki ya uzazi ni wiki mbaya kuliko zote. Ikilazimu mbaki kitanda kimoja, kichanga alale upande mmoja, mama afuate, baba kisha mkubwa. Mkubwa asilale kamwe ubavuni mwa kichanga. Mtoto wa miaka miwili anarusha mguu na kujigeuza mzimamzima akiwa usingizini, na kichanga hana nguvu ya kujiondoa. Kichanga alazwe chali, bila mto, bila blanketi zito karibu na uso. Kama mna nafasi ya godoro la pili sakafuni, mlazeni mkubwa hapo na mlalishaji wake, sehemu ambayo akifumbua macho anawaona.

Neti yake ibaki yake. Nimeona nyumba ambako neti ya mkubwa ilihamishiwa kwa mgeni, na blanketi lenye picha ya simba likaenda kumfunikia mdogo. Kwa mtu mzima ni vitu tu, lakini kwake hivyo ndivyo alivyokuwa akivishika akisinzia. Neti ya mdogo mnaweza kuipata kliniki au dukani. Na mpe kitu kimoja kipya: kanga ya mama, ile aliyoivaa, isifuliwe kwanza. Harufu ya mama ikiwa shingoni mwake, kumkosa mama mwenyewe kunapungua makali.

Sasa baridi. Juni na Julai Arusha, iliyo mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, inauma. Moshi mjini tuko chini, mia nane na kitu, lakini nasi asubuhi tunatafuta sweta. Mtoto aliyepigwa na baridi saa kumi alfajiri ataamka na kuja kwenu, na hapo mtasema ni wivu. Mvisheni soksi na suruali ya kulalia. Jiko la mkaa lisiingie chumbani, hata kwa dakika chache za kupasha joto, hata kama mzazi na kichanga wanahisi baridi. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoua familia nzima iliyolala.

Hatua ya nne: jioni iwe ileile

Hapa sina mengi. Chagueni mambo manne au matano, yafuatane vilevile kila siku, na yachukue chini ya saa moja: chakula, kuoga maji ya uvuguvugu kwenye beseni, mswaki na kukojoa, sala kwa wanaosali, hadithi moja, wimbo mmoja, taa kuzima. Hadithi iwe ileile wiki nzima kama anaitaka. Sungura na Fisi hawachoshi kwa umri huu, kinachokuchosha ni wewe kusimulia. Umeme ukikatika msibadilishe chochote, wekeni taa ya chaji pembeni na muendelee.

Simu ndiyo adui mkubwa wa saa moja hii. Naelewa kabisa inavyotokea: mama ananyonyesha, mkubwa anasumbua, anapewa katuni. Kwa mtoto wa mwaka mmoja mwongozo ule wa 2019 haupendekezi skrini kabisa, na kuanzia miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku. Kama lazima muitumie, iwe mchana. Ikifika saa kumi na mbili jioni simu ikae juu ya kabati, na ya baba pia, kwani mtoto hatofautishi katuni na mpira.

Wageni wa mzazi ni baraka, wanakuja na ndizi, mchele na maziwa, lakini wengine hawaondoki mpaka saa tatu. Waambieni watu kwa upole waje saa kumi jioni. Wakichelewa, mlalishaji achukue mtoto wake na kwenda chumbani bila kuaga sana.

Hatua ya tano: akiamka usiku

Aende mlalishaji, asiende mama. Taa isiwashwe. Maneno machache, yaleyale ya jioni: "Ni usiku. Niko hapa. Lala." Mkono mgongoni, maji kidogo akiomba, basi. Ukimpa biskuti saa nane usiku, kesho saa nane ataamka kuifuata.

Watu wanaogopa kilio cha kichanga kitamwamsha mkubwa. Kwa uzoefu wangu watoto wengi huzoea kilio haraka kuliko sisi, wanachoamkia ni taa inayowashwa ghafla, mlango, na watu wazima wanaoulizana "pampasi ziko wapi?" Kwa hiyo mama aweke kila kitu cha usiku kwenye beseni moja karibu na kitanda, na taa ndogo yenye mwanga hafifu aiwashe upande wa pili, mbali na mkubwa.

Kuna kuamka kwa aina mbili kunakochanganywa. Mtoto anayeweweseka hufanya hivyo zaidi ndani ya masaa ya mwanzo ya usiku: anakaa, analia au kupiga kelele, macho wazi, lakini hakutambui na ukimshika anakusukuma. Huyo bado yuko usingizini. Usimtikise, usimmwagie maji, usimuulize maswali; kaa karibu asijigonge, na baada ya dakika kadhaa atalala mwenyewe. Kesho hatakumbuka. Najua baadhi ya wazee watasema ni mapepo au jicho baya. Anayetaka kumwombea amwombee, kwa sauti ya chini, bila kumwamsha. Mara nyingi dawa yake ni kulala mapema zaidi, maana uchovu huchochea hali hiyo. Ndoto mbaya ni tofauti: huja zaidi kuelekea alfajiri, mtoto anaamka kweli, anakujua na anataka kushikwa. Huyo mshike mpaka atulie.

Na ziwa? Kama mkubwa alikuwa bado ananyonya mpaka mama anajifungua, hakuna sheria ya kwamba lazima aache siku hiyo. Mama anaweza kunyonyesha wote wawili ilimradi mdogo atangulie, hasa siku za kwanza, ili apate dang'a yake, yale maziwa ya mwanzo, ya kutosha. Ile imani kwamba maziwa ya mama mwenye mimba humbemenda mtoto inawafanya wengi wamwachishe ghafla. Mtoto anayedhoofika baada ya hapo mara nyingi amedhoofika kwa kukosa maziwa na chakula cha kutosha. Mkiamua kumwachisha, iwe miezi kabla au miezi baada ya uzazi, na muanze kuondoa nyonyo za mchana, ya usiku iwe ya mwisho. Kupaka shubiri au pilipili kwenye chuchu wiki ileile anayozaliwa mdogo ni kumfundisha kwamba mama amegeuka mchungu siku mgeni alipofika.

Vivyo hivyo kumpeleka kwa bibi mlimani "ili asahau ziwa". Kama bibi huyo anamjua, amelala kwake mara nyingi, siku chache za mama kuwa hospitali hazina neno. Kama hamjui vizuri, mtoto anapoteza mama, nyumba na kitanda kwa safari moja, na akirudi anakuta kichanga mahali pake. Hao ndio wanaonisumbua zaidi dei kea.

Hatua ya sita: mchana unavyolipia usiku

Usingizi wa mchana usiondolewe kwa matumaini kwamba usiku atalala zaidi. Kwa umri huu inageuka kinyume. Alale baada ya chakula cha mchana na aamshwe kabla ya saa tisa na nusu alasiri. Asubuhi au jioni achezee nje, kwenye mwanga, akimbie. Mtoto aliyefungiwa ndani kutwa nzima kwa sababu "mzazi amepumzika" atamaliza nguvu zake usiku.

Halafu kuna maneno. "Umenyang'anywa mama!" "Sasa hivi wewe si wetu tena." "Namchukua huyu mdogo wako naondoka naye." Mgeni anacheka, mama anacheka kwa kuchoka, mtoto hacheki. Yeye anaamini neno kwa neno, na usiku analinda anachoambiwa kitachukuliwa. Mgeni wa namna hiyo unamjibu palepale, mtoto akisikia: "Shemeji, huyu ni wangu, haendi popote." Na ninyi wenyewe punguzeni "wewe sasa ni mkubwa". Ana miaka miwili. Kila akisikia ukubwa anaona unakuja na kunyimwa: mkubwa halii, mkubwa habebwi, mkubwa hanyonyi. Mpeni ukubwa wenye raha, kama kuleta pampasi, kuchagua kanga ya mdogo, kwenda dukani na baba kununua mkate wakati mdogo anabaki.

Akianza kujikojolea tena au kuongea kitoto, mpokeeni bila kumcheka. Kumzoesha poti, kumwachisha chupa na kumwanzisha chekechea, hayo yote yaahirishwe. Jambo moja kwa wakati mmoja, na kwa sasa ni usingizi.

Mambo nisiyotaka kuyasikia

Piriton, au dawa ya mafua na kikohozi, kumpa mtoto ili alale. Inafanyika, na wauzaji wa maduka ya dawa wanajua inafanyika. Dawa hizo zinaweza kupunguza kupumua kwa mtoto mdogo, na kuna watoto ambao badala ya kulala zinawachangamsha usiku kucha. Hakuna kipimo salama cha kumpa mtoto asiyeumwa.

Kutishia: mumiani, mbwa, polisi, "mgambo atakuja". Mtoto anayeogopa halali. Anajikunyata tu.

Fimbo kwa kuamka usiku. Sina la kuongeza.

Lini muende hospitali

Kwa kawaida wiki chache za kufuata mpango bila kuruka siku zinatosha kuona nafuu, ingawa kila mdogo akiugua au mlalishaji akisafiri mambo yatarudi nyuma kidogo. Kama mwezi na zaidi umepita na hakuna mabadiliko, kama anakoroma, anapungua uzito, amekataa kula, au anamdhuru kichanga mara kwa mara, mpelekeni kliniki ya watoto; Moshi kuna Mawenzi na KCMC, Arusha kuna Mount Meru.

Mwangalieni na mama. Mzazi anayelia kila siku, asiyelala hata kichanga na mkubwa wote wakiwa wamelala, anayesema hana faida au anawaza kujiumiza au kumuumiza mtoto, hiyo inaweza kuwa sonona baada ya kujifungua na inatibika. Asiambiwe avumilie kwa sababu wenzake walizaa wanane. Apelekwe siku hiyohiyo.

Desemba

Kwa sisi wa Kilimanjaro kuna mtihani wa pekee. Mdogo kazaliwa Oktoba au Novemba, mkubwa ndiyo kaanza kutulia, Krismasi inafika na ukoo mzima unapanda mlimani. Nyumba moja, watoto kumi na watano kwenye magodoro matatu, kelele mpaka saa sita usiku. Nendeni, sherehe ni sherehe. Bebeni neti yake, kanga na blanketi lake. Mlalishaji awe yuleyule hata kama shangazi sita wamejitolea. Na tafuteni pembe moja ya chumba ambayo atalala kila usiku asihamishwehamishwe. Saa mbili itakuwa saa nne, msigombane kwa hilo. Kama hamjaanza mpango huu kabisa, msiuanzie huko. Subirini mrudi mjini, mpumzike siku moja, muanze jioni ambayo hakuna mgeni na baba hana safari ya kesho yake.